Karatasi ya Saveta na Ghervasie

Tangu wamfanye Baba Ghervasie mtakatifu, Mama Evlampia hakuwa tena na mtu wa kuzungumza naye.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akienda kaburini kwake kila asubuhi baada ya sala ya kwanza, kopo la maji mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili. Alifuta msalaba wa mti, akajaza mafuta kwenye taa, kisha akaketi juu ya kigogo na kumpa habari za Mierla, monasteri yao ya wanawake: nani anaumwa, paa la nani linavuja, mtawa gani mpya analia kwa kukumbuka kwao. Hakuwa kichaa. Alijua kwamba maiti hajibu. Lakini hata alipokuwa hai, Baba hakuwa mtu wa kujibu haraka, kwa hiyo tofauti haikuwa kubwa.

Sasa kaburi ni shimo. Mwezi wa tano alikuja askofu na mapadri wake, wakafukua mifupa, wakaiosha kwa divai, wakashukuru Mungu kuiona ya njano kama nta, dalili ya utakatifu, wakailaza kanisani ndani ya sanduku la fedha lenye kioo juu. Mahujaji wakamalizia udongo. Waliuchota kwa vijiko vya chai, wakautia kwenye mifuko ya nailoni, mpaka shimo likamfika mtu kiunoni.

Siku ya kwanza Mama Evlampia alipoingia kanisani na kopo lake, askari wa zamu alimwekea mkono mbele.

"Mama, foleni inaanzia kule getini."

"Mimi ni wa humu humu, mwanangu."

"Wote wananiambia hivyo. Kuna mmoja sasa hivi kasema ni binamu yake."

Akaenda kusimama nyuma. Alisimama kwa muda wa saa mbili na nusu. Alipofika kwenye sanduku aliruhusiwa kubusu kioo mara moja tu, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake, mwenye harufu ya vitunguu vya safarini, tayari alikuwa anamsukuma kwa tumbo. Ndani ya kioo Evlampia aliona pua yake mwenyewe. Alikuwa amepanga kumwambia Baba kwamba Mama Xenia wa nyumba ya juu ameanguka na kuvunjika nyonga. Hakusema. Utamwambiaje mtu jambo la nyonga mbele ya watu elfu mbili?

"Tumepata mtakatifu," alisema jirani yake, Mama Paramona, jioni ile walipokuwa wakichambua maharage kizingitini, "ila choo bado ni kimoja."

Evlampia alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha akarudi chumbani kwake, akakaa kitandani na kofia yake kichwani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Alikuja Mierla akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka huohuo akapewa kazi ya kumhudumia Baba Ghervasie, padri wa maungamo wa watawa. Alimpikia, alimpasulia kuni, aliwafungulia mlango watu waliotoka Iaşi na Suceava na hata mji mkuu, Bucureşti, kuja kulia miguuni pake. Miaka ishirini na miwili. Hawakuwa wakiongea sana. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na jiko moja la udongo lililopasha joto pande zote mbili, na Evlampia alijua Baba amelala au yuko macho kwa jinsi mbao za sakafu zilivyonyamaza.

Majira ya baridi ya mwisho, miguu ya Baba ilivimba. Evlampia alikuwa akiiosha kwa maji ya uvuguvugu na siki, naye Baba akamuuliza, bila utangulizi:

"Evlampia, umewahi kumwona mama akisubiri?"

"Wangu alinisubiri stesheni ya Paşcani, Baba. Treni ilichelewa."

"Na wewe ukashuka."

"Nisingeshukaje?"

Baba aliitazama kuni moja ikikatika jikoni. "Mimi sikushuka," alisema.

Ndipo akamweleza. Alikuwa na miaka kumi na saba, mtawa mpya katika monasteri ya wanaume upande wa pili wa mlima. Mama yake, Saveta, mjane wa kijiji cha Râpile, alitembea siku mbili kuja kumwona. Mkuu wa monasteri alimwambia, nenda, mtoto, mama yako yuko getini. Yeye akajibu kwamba amekufa kwa ulimwengu na maiti hana mama. Akasimama dirishani, ghorofa ya juu, akamtazama. Mama alisubiri mpaka kengele ya jioni, akaondoka. Alirudi wakati wa theluji. Kijana hakushuka. Alirudi tena theluji ilipoyeyuka, na safari hii hakusubiri sana. Alimwachia bawabu soksi za sufu na mfuko wa plamu kavu.

"Hakuna aliyenizuia," alisema Baba. "Hilo ndilo ulijue. Nilitaka wenzangu wanione. Soksi nilimpa mtawa mwingine mbele za watu, wakanisifu. Plamu nilizila peke yangu, chooni, zote kwa siku moja, nisionekane. Kabla plamu za mwaka ule hazijaiva wakaniletea habari kwamba wamemzika."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Evlampia hakuthubutu kuondoa mikono.

"Watu wote hawa wanakuja kwangu niwaambie Mungu amewasamehe," alisema Baba. "Nawaambia. Mimi nani ataniambia? Ukiandika karatasi yako ya majina ya kuombewa Jumamosi, upande wa wafu, anza na Saveta. Kisha niandike mimi. Usiweke jina lolote katikati. Kwenye karatasi yako, angalau, nitakuwa nimeshuka ngazi."

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka siku watakayoandika na la kwako."

"Na wakikuita mtakatifu?" alimtania, kwa sababu uzito wa maneno yale ulikuwa umemzidi.

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akamshika bega. "Hasa hapo," alisema. "Niahidi."

Akaahidi, mkono wake juu ya stola ya Baba, ule utepe wa kipadri wa shingoni, kama watu wanavyoahidi wakati wa maungamo. Wiki mbili baada ya Pasaka Baba akafa.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa alasiri, Evlampia alikata karatasi ya daftari katikati, akapiga mstari, akaandika kushoto walio hai na kulia, chini ya msalaba mdogo, waliokufa. Saveta. Ghervasie. Kisha wengine: kaka yake Ilarion aliyekufa mgodini, wazazi wake, mtoto wa jirani. Jumamosi padri alisoma majina, na kwa kila jina akamega chembe ya mkate kwa kisu kidogo, akaiweka kwenye sahani. Chembe mbili kando kwa kando, mama na mwana. Hesabu mwenyewe ni Jumamosi ngapi katika miaka thelathini na mmoja. Hakukosa hata moja. Alipougua kichomi aliandika amelala, na Paramona akapeleka.

Padri Calistrat, daktari wa teolojia aliyetumwa na dayosisi kukusanya habari za maisha ya Baba, alimjia na kinasa sauti kidogo kama kiberiti. Evlampia alimkaangia mayai, akamweleza kila kitu: dirisha, soksi, choo. Padri Calistrat alitikisa kichwa kwa heshima na kula mayai yote. Kitabu kilipotoka, habari ile ilikuwa na sura yake, na kichwa cha sura kilisema *Ushindi dhidi ya Mapenzi ya Damu*. Choo hakikuwemo.

Ikoni nayo ilichorwa hivyo. Katikati Baba amesimama na mvi zake, na pembeni picha ndogondogo za maisha yake. Katika picha ya pili kuna jumba lenye dirisha, na dirishani kijana mwenye duara la dhahabu kichwani ameinua mkono kama anayefukuza nzi. Chini, kwenye theluji, kuna mtandio mweusi. Mchoraji hakuuwekea uso. Nafasi ilikuwa ndogo.

Usiku wa kuamkia sherehe iliimbwa ibada ya mwisho ya kumwombea Baba Ghervasie kama marehemu. Ngano ya kuchemsha na asali, chakula cha kuwakumbuka wafu, ilijaa meza nne. Askofu akageukia umati na kusema, kwa sauti nzuri, kwamba kuanzia kesho hatutamwombea tena. Yeye ndiye atakayetuombea sisi. Watu walilia kwa furaha. Evlampia naye alilia, na hujaji mmoja akampa karatasi laini ya kufutia pua na kumwambia, "Furaha iliyoje, Mama, eh?"

Asubuhi yake Mama Mkuu Teoctista alibandika tangazo kwenye mlango wa ukumbi wa chakula: watawa wote waondoe jina la Mtakatifu Ghervasie kwenye orodha zao za marehemu, kwa kuwa kumwombea mtakatifu msamaha wa dhambi ni kumtukana.

Evlampia alilisoma mara mbili. Halikuwa na kosa lolote.

Ijumaa ilipofika alikata karatasi, akapiga mstari, akachora msalaba. Akaandika: Saveta. Akainua kalamu.

Jina lilikaa peke yake. Hakuwahi kuliona hivyo. Lilikuwa na nafasi nyeupe chini yake, pana, ya baridi, na Evlampia aliitazama mpaka macho yakamuuma. Baba yuko kanisani chini ya kioo, ana taa saba, ana wimbo wake, ana siku yake kwenye kalenda, iliyopigwa rangi nyekundu. Na huyu? Huyu nani atamshukia? Alijaribu kuandika jina la baba yake mzazi pale chini, ili asiwe peke yake. Mkono ukakataa. Dakika nzima ilipita. Kisha akaandika Ghervasie, mtawa padri, kwa herufi zilezile, akaikunja karatasi mara nne.

Padri Varlaam alikuwa mgeni, mwenye haraka, na haoni vizuri bila miwani. Vipaza sauti vya sherehe vilikuwa bado havijaondolewa, kwa sababu mahujaji walikuwa bado wanakuja. Jumamosi ile alisimama mbele ya bakuli la ngano na rundo la karatasi mkononi, akawa anayasoma majina mfululizo kama anayetupa punje kwa kuku, na sauti yake ikasikika uani, getini, mpaka kwenye maegesho ya mabasi.

"Saveta, Ghervasie mtawa padri, Ilarion, Maranda..."

Akasita. Akaileta karatasi karibu na pua. Kipaza sauti kilivuma. Uani mwanamume mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Kasema Ghervasie? Wanamwombea? Kwani hawa wenyewe hawaamini?"

Mtu alikuwa ameinua simu yake, kama ambavyo siku hizi kila wakati kuna mtu ameinua simu. Kabla ya chakula cha mchana watu elfu tisa walikuwa wameiona video ile. Kabla ya alasiri walipiga simu kutoka dayosisini.

Mama Mkuu Teoctista alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwa Evlampia, nyumba ileile ya Baba, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwenye shahada, na alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Alipofika Mierla akiwa msichana wa miaka ishirini, Evlampia ndiye aliyemfundisha kuwasha jiko bila kujaza nyumba moshi.

"Nibariki, Mama," alisema Evlampia, akainuka.

"Mungu akubariki. Keti, keti, magoti yako." Teoctista akaketi kwenye kigoda. "Mama Evlampia, ulisahau. Sivyo?"

Evlampia aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Miaka thelathini mkono umezoea kuandika, ukaandika tena. Nani hawezi kuelewa? Kesho, baada ya chakula, utapiga magoti mbele ya dada zako kama tunavyofanya sote, utasema nisameheni, nilisahau, nao watasema Mungu akusamehe. Nitampigia askofu, nitamwambia yamekwisha. Basi."

"Sikusahau, mwanangu."

"Nasikia. Nakuomba usilirudie hilo." Teoctista alishusha sauti. "Unajua wananiambia nini? Wananiambia, huyo mtawa anaukana utakatifu, na wewe umempa funguo za nyumba ya mtakatifu. Wanataka niweke mtu mwingine hapa, kijana, anayejua kuongea na wageni. Nimewaambia hapana. Nimewaambia, huyu ndiye aliyemfumba macho alipokufa. Lakini nipe kitu cha kushika, Mama. Neno moja. Usiponipa, nitakuhamishia nyumba ya wagonjwa kule chini, na karatasi yako haitaingia tena madhabahuni. Sitaki. Nitafanya."

"Je, unamfahamu Saveta?" aliuliza Evlampia.

"Mama yake Baba. Yumo kwenye kitabu."

"Uso wake hujauona."

"Hakuna aliyeuona, Mama. Alikufa karibu miaka mia iliyopita."

"Ndiyo hivyo," alisema Evlampia.

 Teoctista aliinuka, akaubusu mkono wa mzee, akatoka. Mkono ulibaki na unyevu, na Evlampia hakuufuta.

Jioni Paramona akaja na bakuli la supu ya kabichi, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Una kichwa kigumu kuliko mbuzi wa yule Ciprian wa kijijini. Tunalisema neno hilo mara arobaini kwa siku! Nikikukanyaga, nisamehe. Nikipiga chafya kanisani, nisamehe. Juzi nimemwomba paka msamaha. Wewe unashindwa nini?"

"Paka ulimkanyaga kweli."

"Ee, na wewe umeandika kweli!"

"Nimeandika. Sijamkanyaga mtu."

Paramona aliketi. Kwa muda alikuwa kama anayetafuta utani mwingine, asiupate. "Kule chini madirisha hayafunguki," alisema hatimaye. "Tutaonana saa ngapi mimi na wewe? Maharage nitachambua na nani?"

Evlampia alitaka kumweleza juu ya ngazi. Alifungua kinywa, akaona kwamba jambo lenyewe alipewa chini ya stola, kwa siri ya maungamo, na mtu wa pekee aliyewahi kumpa, yule mwenye kinasa sauti, alilifanya wimbo wa sifa. Akafunga kinywa. Wakanywa supu. Paramona akaenda zake mapema, na mlango wake mwenyewe ukasikika ukifungwa taratibu, ng'ambo ya ua.

Kabla ya kulala Evlampia aliizunguka nyumba. Aligusa jiko. Alikunja blanketi la Baba, lililokuwa limekunjwa tayari. Akajiuliza kama yeye Baba, alipo sasa, bado anataka. Labda wameshaonana, mama na mwana, labda wanacheka. Labda. Hakuna aliyemletea habari. Hata kaburini hakukuwa tena na pa kuuliza.

Jumapili walikula maharage mazito, ugali wa mahindi na kabichi ya chumvi. Msomaji alisoma sura ya maisha ya Baba kutoka kwenye kitabu kipya, na vijiko themanini vikagonga bakuli kwa utaratibu. Kisha Mama Mkuu akapiga kengele ndogo, vijiko vikanyamaza.

"Dada Evlampia ana neno," alisema.

Evlampia akainuka. Kutoka kwenye benchi yake hadi katikati ya ukumbi ni hatua kumi na nne. Alikuwa amezitembea mara nyingi maishani, kwa sahani zilizovunjika, kwa maneno ya hasira, kwa kuchelewa, na kila mara alipiga magoti na kila mara likamtoka kirahisi kama pumzi. Sakafu ilikuwa na mahali palipolika na magoti ya watawa. Akasimama juu ya mahali pale.

Aliwatazama. Wadogo walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kupoteza akili. Padri Varlaam, mezani kwa wageni, alikuwa anakunja kitambaa chake mara nne, mara nane. Paramona alikuwa ameinamia bakuli lake tupu. Ukutani, kwenye ikoni mpya, mtandio mweusi ulikuwa bado uko nje kwenye theluji.

Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Akazitoa, akaziweka mezani mbele ya Teoctista, polepole zisilie. Zikalia.

"Mama," alisema Teoctista chini ya pumzi. "Sema tu ulisahau. Nakusihi."

"Namkumbuka vizuri kuliko ninyi nyote," alisema Evlampia. "Aliniomba nimtaje pamoja na mama yake, nikaahidi. Karatasi mtaizuia, mna haki, madhabahu si yangu. Nitawataja kwa mdomo. Saveta, kisha Ghervasie."

Ukumbi ulingoja. Wengine walikwisha kuvuta pumzi, tayari kuitikia *Mungu akusamehe*, kama walivyozoea, na pumzi ile ikawa haina pa kwenda.

"Magoti, Mama," mtu alinong'ona kutoka nyuma, kwa wema kabisa. "Omba radhi, yaishe."

Mama Evlampia alibaki wima.

"Siombi," alisema.